Niliyomtafsiria Mama

Kirumba, Mwanza
12 Agosti 1996

Kaka Mayala,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na vitenge ulivyotuma kutoka Dar vimefika.

Wiki iliyopita nilikuwa mkalimani wa madaktari wa macho waliokuja kujitolea kutoka Uswidi. Kwa mmoja wao, Dakta Ingrid, ilikuwa safari yake ya kwanza ng'ambo. Wazee waliopasuliwa macho walipofunguliwa bandeji na kuona tena, walicheza, naye akacheza nao.

Siku ya mwisho nilimpeleka mama. Dakta Ingrid alimpima, kisha akaniambia, "Mwambie dawa itamsaidia."

"Itamsaidia kweli?" nikamuuliza.

"Hapana. Mmechelewa kumleta."

Basi nilimwambia mama kwa Kisukuma kwamba hataona tena. Daktari akaanza kulia. Mama akamshika mkono, akaniambia, "Mwambie anyamaze. Ametoka mbali kuja kunitazama."

Jana, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, Dakta Ingrid alikuja nyumbani. Alikaa jikoni na mama wakichambua mchicha, wala hawakuniita kutafsiri.

Sikulaumu wewe, kaka, kwamba tulichelewa. Hata mimi niliyekuwa karibu nilikuwa nasema kesho, kesho.

Mama anaomba uje Krismasi. Anasema atakutambua kwa sauti.

Mdogo wako,
Dorotea