Kipaza Sauti cha Manju

Mjukuu wangu Kulwa,

Ucheke ukipenda, ubabu nimepewa na ukoo, si na mvi, na shahada yangu bado inanukia wino. Mama yako hajambo, pamba imechanua.

Umeuliza ununue kipaza sauti gani cha kumrekodia mwimbaji katika chumba chenu kidogo. Mwaka jana, hapa Dutwa, manju wetu, mtunzi na kiongozi wa ngoma, alirekodi wimbo wa kuwajibu wapinzani wetu wa kijiji cha Nkololo. Wenzangu wa kurekodi walileta kipaza cha studio kinachonasa hata pumzi. Nilibisha sana, lakini wakakitumia. Chini ya paa la bati la banda tulimorekodia, ngoma na njuga za miguuni mwa manju zikayameza maneno.

“Nkololo watasema nimeogopa kuwataja,” manju akalalama.

“Basi vua njuga, mzee,” akasema mpiga ngoma.

“Nizivue? Wimbo utatokea wapi?”

Nikampa kipaza cha jukwaani, kinachosikia cha mbele yake tu. Nikamsimamisha aikabili ngoma ili kipaza kiipe mgongo, midomo ikikigusa kama kibuyu cha maziwa. Akacheza, akaimba.

Nunua cha namna hiyo. Nkololo walipotujibu, walijibu kila kejeli yetu, neno kwa neno. Hata mahafali hayakunipa sifa kama ile.

Ni mimi babu yako, niliye tayari kubishana nawe,
Masanja