Sikio Lenye Mikato Miwili

Mwalimu Lemayian,

Saa tatu imepita, na saa nne yule mnunuzi wa picha kutoka Nairobi atakuwa hapa Kitengela. Nimeketi kwenye kigoda chako studio. Nimeona afadhali nikuandikie kuliko kuzungukazunguka.

Tangu tukuzike Kajiado mvua imenyesha mara mbili tu. Jirani amejenga ukuta, kwa hiyo ule mwanga wa asubuhi uliokuwa ukiupenda hautufikii tena mpaka saa nne. Mke wako, Yeyo kama tunavyomwita wote, bado anatoa kikombe chako kabatini halafu anakirudisha. Na mimi kila nikiingia nasubiri unisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya", niitikie "Iko" kwa ile sauti yangu ya usingizi uliyokuwa ukiicheka.

Unakumbuka kile kitabu chako kisicho na jalada, cha wale wachoraji wa ishara wa Ulaya ya zamani? Ulisema hawakuchora kile jicho linachokiona, walichora kile kinachomsumbua mtu ndani. Na kishawishi kiliwasumbua kweli. Kila baada ya kurasa chache kuna mtawa jangwani anaandamwa na wanawake wanaotokea kwenye ukungu, au mwanamke aliyejivika nyoka mabegani, anakutazama kana kwamba mnajuana. Nikakuuliza mbona shetani wao kila mara ni mwanamke. Ulicheka mpaka ukakohoa. Siku ya tatu ukaja na jibu: "Hao hawakuwa wafugaji. Mimi kishawishi yangu iko na rangi ya kijani."

Ndivyo ulivyoanza zile picha sita. Kiangazi, mfugaji, ng'ombe waliobaki mifupa na ngozi, na ng'ambo ya waya, kwenye shamba la mwenyewe, nyasi mbichi. Katika ya sita waya umekatwa, na mtu amesimama kwenye upenyo akimwita mfugaji kwa mkono. Mtu huyo hukumpa uso. "Uso iwe ya mtu unajua," ulisema, "na iwe mzuri. Kama haipendezi, itashawishi nani?" Ukaugua kabla hujaupata.

Mnunuzi anataka zote sita au asichukue hata moja. Ndiyo yale maonyesho uliyoyangojea maisha yako yote. Sharti lake ni kwamba ya sita iwe imekamilika na iwe na alama yako, lile sikio dogo la ng'ombe lenye mikato miwili, alama ya ng'ombe wa boma lenu, ulilokuwa ukiliweka pembeni badala ya jina. Nilimwambia hukuimaliza. Akatabasamu. "Si uko na mkono yake? Nani atajua?"

Naona aibu kukuambia, Mwalimu. Jana nilimaliza uso. Nilichora wa huyo mnunuzi, na tabasamu lake lote, nikajisifu kwamba nimemnasa shetani. Kisha nikachukua brashi yako nyembamba, nikachora sikio. Mkato wa kwanza. Wa pili. Lilitoka sawasawa kabisa, hata wewe ungedhani ni lako, na nikaona raha. Ile raha ndiyo imeniogopesha.

Yeyo akaingia na chai. Aliangalia pale pembeni kwa muda mrefu, wala hakupaza sauti. "Hii ng'ombe ni yetu?" Akaweka chai, akatoka.

Wewe mwenyewe ulinieleza, mimi mtoto wa wakulima nisiyejua kutofautisha ndama na mtamba. Ulisema mtu akilisha kwenye shamba la watu ataomba msamaha na yaishe, lakini akimkata sikio ng'ombe asiye wake, huo ni uongo utakaotembea mbugani na kuzaa. Nililiandika neno hilo ukutani, liko hapa mbele yangu.

Leo alfajiri nimelikwangua sikio kwa kisu. Uso wa mnunuzi nao nimeufuta, maana yeye alisema maneno tu. Aliyeshika brashi ni mimi. Nimeazima kioo cha Yeyo, nikachora uso wangu. Sasa cheka. Baada ya kukusumbua kote kule kuhusu wanawake wa kile kitabu, na mimi nimeweka mwanamke. Nimejipendezesha kidogo, kama ulivyoagiza.

Pembeni nimeandika jina langu, Muthoni. Akija nitamwambia kwamba mfugaji, ng'ombe na nyasi ni kazi yako, uso ni wangu. Akikataa, zote sita zitabaki hapa, na maonyesho yako nitakuwa nimeyaua mimi, mwanafunzi wako. Hilo ndilo ninaloliogopa. Nilipomwambia Yeyo, alisema tu, "Basi zikae nyumbani," akaenda kufua.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nakuahidi sikio lile sitalichora tena, hata kwa mazoezi, hata nikiwa peke yangu na hakuna wa kuuliza.

Gari limesimama langoni. Yeyo anafungua. Mwanga umeshavuka ukuta, na rangi ya uso bado mbichi.

Iko, Mwalimu. Leo sina usingizi.

Muthoni