Mwanya wa Fremu ya Harusi

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Makokha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wajukuu zako. Sisi hapa tu wazima, ila mvua imetushika na nguo hazikauki. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba Mama ameacha kukurudisha dukani kila anaposahau chumvi. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya Mama haina siri: huiweka spika mpaka ng'ombe wasikie.

Ndugu yangu Jairus atakuletea barua hii pamoja na katoni nzito. Ndani ni ule msumeno wa umeme wa kukata mbao kwa pembe ulioniagiza. Ulisema unataka mashine inayojua pembe yenyewe, kwa kuwa mkono wako ulishasahau. Maneno hayo yalinirudia wiki nzima.

Nilienda kwa Abdihakim, mwenye duka la vifaa karibu na msikiti. Nilivutiwa na msumeno mkubwa unaoteleza mbele na nyuma, wenye taa nyekundu, nikajiona tayari nikisifiwa huko nyumbani, Bokoli nzima. Akaniuliza mzee anakata nini. Nikamwambia fremu za picha, na labda viti vya wajukuu. Akacheka kwa upole, akasema huo ni wa mafundi wa kuezeka nyumba, utakujazia karakana na kukuvunja mgongo. Ule wa betri nao akaukataa: betri ikifa, utaisaka mpaka Bungoma mjini. Tukachagua mdogo wa waya, wenye kishikio cha kubana mbao ili vidole vyako vikae mbali, na bledi ya meno mengi madogo isiyochana mbao laini. Saizi hiyo hata Webuye utaipata.

Nilikuwa nafungua pochi aliponizuia.

"Si tukate kwanza tuone, dada?" alisema. "Ati ni mpya haimaanishi iko sawa."

Akakata vipande viwili, akaviunganisha. Baba, pembe iliacha mwanya, mwanya uleule wa fremu ya picha yenu ya harusi. Abdihakim akalegeza skrubu, akasogeza kidogo, akakata tena, na safari hii hata wembe haungepita. Akasema fundi angeulaumu mkono wake bure.

Sasa nikuambie nililonyamazia tangu darasa la tano. Unakumbuka kile kisanduku chako cha mbao chenye mipasuo, ulichopitishia msumeno wa mkono ili pembe itoke sawa? Mimi ndiye niliyekiharibu. Nilikuwa nakatia miwa humo kwa siri, ili vipande vilingane na wenzangu wasigombane. Mipasuo ikapanuka kidogo tu, kiasi cha jicho kutoona. Nikakiosha, nikakirudisha, na wiki hiyohiyo ukakatia fremu ile ya harusi. Nilikuwa mlangoni ulipopima mara tatu, ukaziba mwanya kwa gundi na vumbi la mbao, kisha ukamwambia Mama mkono wako umekwisha. Tangu siku hiyo umetengeneza vitanda na mabenchi tu. Kwanza niliogopa kiboko, halafu nikaona haya, halafu miaka ikapita. Mkono wako haukusahau chochote, Baba. Nisamehe.

Chini ya mashine kuna kisanduku kipya cha mbao. Nimekitengeneza mwenyewe, na Abdihakim amekipima. Kabla hujachomeka mashine kwenye stima, kata kwanza pembe moja kwa mkono wako. Ikitoka bila mwanya, mwambie Mama aitoe ile picha ya harusi nyuma ya mlango, uitengenezee fremu nyingine.

Msalimie sana Mama, na umwombe asimsomee jirani barua hii. Tutakuja wote shule zikifungwa, na ukutani pa sebule ndipo nitakapoangalia kwanza.

Ni mimi binti yako anayekupenda, mla miwa,
Nakhumicha