Suspenso ya Phoebe

Jumatatu, 3 Machi

Mguu umeunga! Leo nimefika mlangoni bila gongo. Tangu nivunjike, Mama Phoebe, jirani yangu, ndiye anipikiaye, ndiye aniogeshaye. Sina mtoto hapa Kiembeni – nina yeye. Asante Mungu.

Jioni kaja na bintiye. Phoebe kasoma biashara Uhispania, sasa anaomba kazi kampuni moja ya mizigo, Port Reitz. Kumbe alama zake kazitafsiri kwa simu! Somo la takwimu, mwaka wa kwanza: "Suspenso". Simu ikasema alisimamishwa masomo. Kampuni inauliza alikosa nini. Wanataka tafsiri ya Kiingereza yenye muhuri. Mimi mwalimu wa Kihispania, tena mfasiri aliyeidhinishwa; muhuri ninao. Hatimaye nami nitawafaa!

Jumanne, 4 Machi

"Aprobado" – Pass. "Notable" – Very Good, si "maarufu" kama simu ilivyodai. Nimecheka peke yangu! "Suspenso" ni Fail. Alianguka tu, hakusimamishwa. Mwaka wa pili akarudia, akapata Notable. Mtoto shupavu.

Mama Phoebe kaleta wali wa nazi, nikamweleza. Akafunika sufuria. Kisha: "Dada Velma, si uandike tu amepita? Nani huku ajuaye Kihispania?"

Nikaiweka sahani chini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika Fail. Nimepiga muhuri. Phoebe kapokea kwa mikono miwili: "Asante shangazi. Heri kuanguka kuliko kufukuzwa."

Mamake hakuja. Mtu aliyenifulia hata nguo za hospitali – nimemnyima neno moja!

Jumatatu, 10 Machi

Phoebe yuko kwenye mahojiano. Mara hodi – Mama Phoebe! Sikujua pa kuanzia. Nikamshukuru tu, kwa yote, tangu siku ya kwanza. Kasema nisimlize.

Kumbe Phoebe kamsimulia mwaka ule wa kwanza Uhispania. Baridi. Lugha haipandi. Analia chooni, kisha anapiga simu nyumbani kusema yu mzima. Mama hakujua lolote. "Na akarudia, peke yake kule," kasema, anapangusa macho.

Ujumbe wa Phoebe umeingia: kampuni wamefika kwenye ile Fail, wananipigia sasa hivi nithibitishe. Naandika ili nitulie. Mama Phoebe kavuta kiti, kakaa ubavuni pangu.

"Waambie alianguka, usiwafiche. Halafu waambie alivyorudia. Hapo usikimbie, dada. Nenda polepole, wasikie."

Simu hiyo inalia –