Zile Nyekundu

Kakuma, 3 Februari 2025

Mwanangu Benita,

Nakusalimu sana, na tena sana. U hali gani? Mgongo je, na miguu? Sisi huku wazima, shida ni upepo tu, tangu Jumatano unatuletea vumbi mpaka kwenye mswaki. Jirani yetu Abei, yule mhudumu wa afya, anakusalimu. Anasema ejoka, salamu ya Kiturkana chao.

Nakuandikia kwa sababu simu yako naijua. Unaniambia "niko sawa Mama," mtandao unakatika, na mimi nabaki nimeshika kipande cha plastiki sikioni. Roble, dereva anayenibebea mzigo huu, ameniambia alikuona sokoni Lodwar, ukaitikia salamu yake ukiwa umeegemea ukuta. Msichana wa miaka ishirini na mbili anaegemea ukuta kwa nini?

Usiniambie ni mafunzo ya upishi. Najua unavyoishi kwenye jiko hilo la hoteli: unapikia watu mia, na wewe mwenyewe unakula mandazi ya jana na chai tamu ya kunata mdomoni. Mwili una mizani yake, Benita. Ukiulisha sukari kila unapochoka, unaudanganya kwa nusu saa tu, halafu unakudai usingizi mara mbili.

Kwa hiyo pokea pakiti nne za krispi. Za njano ni viazi vitamu, za kijani ni sukuma, za rangi ya chungwa ni karoti. Zile nyekundu ni bitiruti kutoka kwenye magunia yangu ya bustani, na ndizo nilizokazania, maana Abei anasema zinaongeza damu. Sikukaanga hata moja. Nilikata nyembamba, nikapaka mafuta ya simsim kwa ncha ya kidole, nikaanika juu ya bati mpaka saa nane, kisha nikamalizia kwenye oveni yangu ya udongo, moto mdogo kabisa. Kula hizo badala ya mandazi. Kunywa maji. Na ukipewa mapumziko, keti chini, usiende kumsaidia mtu.

Niandikie kweli, si maneno ya simu.

Mama yako,
Godelieve

* * *

Lodwar, 9 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini upepo umetulia na kifua chako hakikusumbui. Msalimie Abei, mwambie ejok-noi, nzuri sana.

Krispi zimefika na nimekula zote, Mama, asante sana. Hata Akal, dada wa Kiturkana ninayekaa naye chumba kimoja, anauliza wewe ni mpishi wa wapi. Mpishi mkuu wetu alionja za sukuma akataka kujua unazifanyaje zisiungue. Nikamwambia ni siri ya nyumbani, kumbe hata mimi zangu huungua.

Umesema niandike kweli. Nimechoka, Mama. Si uchovu wa kulala ukaisha. Naamka nikiwa nimechoka tayari. Jikoni kuna oveni tatu na feni moja, na feni yenyewe inazunguka ikijisikia. Maji nasahau kunywa, nikikumbuka ni jioni. Ubavu wa kushoto unauma, unakuja na kuondoka.

Na kuna jambo jingine. Sijamwambia mtu. Jana na juzi nilipoenda haja ndogo niliona nyekundu. Nilidhani ni macho yangu. Nikaangalia tena leo asubuhi. Ni nyekundu, Mama. Nilikaa chooni mpaka Akal akagonga mlango.

Nikamkumbuka Baba, alivyoficha damu kama hii mpaka tukamzika. Usimwambie mtu wa ofisi yoyote. Nikionekana mgonjwa watanirudisha kambini Kakuma kabla ya cheti, na imebaki miezi miwili tu.

Mtoto wako,
Benita

* * *

Kakuma, 11 Februari 2025

Mwanangu, pole. Pole sana. Umeamkaje leo?

Roble alinipa barua yako jana saa nne, nikaisoma nimesimama, nikaketi kwenye mchanga hapo hapo. Sikumeza kitu siku nzima. Nilianza barua ya kuombea kibali cha kutoka kambini, nikaichana, maana wangeniuliza sababu na wewe umenikataza kusema.

Leo asubuhi nilishindwa, nikamwambia Abei. Nisamehe. Lakini sikiliza! Abei aliuliza swali moja tu: "Huyo mtoto anakula nini siku hizi?" Nikamwambia krispi zangu. Akauliza, "Na bitiruti zimo?" Nikasema pakiti nzima, na amezimaliza. Abei akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Anasema bitiruti huwapaka watu wengine rangi mpaka haja ndogo, na kila mwaka anapata mgonjwa mmoja aliyeshakata tamaa kwa sababu ya mboga.

Benita, nilicheka huku machozi yanatoka. Mimi mwenyewe nimekutia hofu kwa mikono yangu! Abei anasema uache zile nyekundu siku mbili au tatu. Rangi ikiisha, basi, ilikuwa mboga. Isipoisha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usimngoje mtu.

Niandikie upesi. Na maji unywe, hilo la ubavu sijalisahau.

Mama yako aliyepumua

* * *

Lodwar, 14 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Ni kweli, ilikuwa bitiruti. Nimeacha na rangi imeisha. Tumecheka sana na Akal. Usihangaike na kibali, na zile nyekundu ziwe chache tu.

Kazi ni nyingi wiki hii, kuna wageni wa semina. Nitaandika nikipata nafasi.

Mtoto wako,
Benita

* * *

Kakuma, 6 Machi 2025

Benita,

Leo sikuulizi hali, maana jibu lako silitaki tena mpaka nikuone.

Nimetuma pakiti mbili na barua mbili, hukujibu. Nilijisemea ni wageni wa semina. Nilipiga kwa simu ya Abei, umezima. Nikajisemea ni chaji. Nina kipaji cha kujisemea, utaona hapo chini.

Jana mchana Akal alifika hapa kwangu. Amekuja Kakuma kumwona shangazi yake mgonjwa, akasema hawezi kupita bila kunisalimia. Mtoto mzuri, ana adabu. Nikampa maji, nikampa kiti. Akasema, "Mama, asante sana kwa zile nyekundu. Benita huniachia mimi zote. Yeye haziweki hata kwenye ulimi, anasema zina ladha ya udongo."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini polepole, nikamuuliza, "Tangu lini?" Akasema, "Tangu pakiti ya kwanza."

Tangu pakiti ya kwanza, Benita. Ulipoandika umekula zote, ulikuwa unanionyesha adabu, kama tulivyokulea: chakula cha mama hakikataliwi. Nakuelewa. Mimi pia nilimwambia bibi yako miaka kumi kwamba napenda pondu yake, kisamvu chenye mchanga. Lakini Abei alicheka kwa sababu ya adabu yako, na mimi nikalala usingizi kwa sababu ya adabu yako. Sasa niambie, kama bitiruti alikula Akal, ile nyekundu ilikuwa ya nani?

Akal anasema umekonda. Anasema wiki iliyopita uliinama jikoni ukashindwa kuinuka, ukamwambia ni hedhi. Mwili wangu wote umekuwa baridi tangu jana, na unajua joto la huku.

Naogopa, na nitakwambia kwa nini naogopa kuliko unavyodhani. Baba yako hakuficha peke yake. Nilikuwa nafua nguo zake bombani nikaona madoa mekundu. Nikajisemea ni mawese. Wiki iliyofuata nikaona tena, nikajisemea tena mawese, na mawese ndani ya nyumba hatukuwa nayo. Sikumuuliza kwa miezi minne. Niliogopa jibu. Siku aliyoanguka, daktari aliniuliza kama niliona dalili yoyote, nikasema hapana. Nimekaa na hiyo hapana miaka tisa. Mwezi uliopita Abei aliponipa sababu ya bitiruti niliidaka kwa mikono miwili, sikukuuliza hata mara moja kama kweli ulizila. Nilifurahi upesi mno.

Kwa hiyo sikugombezi. Nakuomba kama mtu anayeomba roho yake: ukimaliza kusoma mstari huu vua aproni, nenda hospitali. Cheti tutakitafuta tena. Barua hii Roble atakukabidhi mkononi, nimemwapisha, na yuko kwenye mfungo, hataniongopea. Mimi niko kwenye foleni ya kibali. Wamesema nirudi Jumatatu. Nimewaambia sababu yote, bila kuficha.

Mama

* * *

Lodwar, 8 Machi 2025

Mama,

Roble hakuondoka. Alisimama mlango wa jikoni mpaka nikamaliza kusoma, akanipeleka mwenyewe kwa gari lake. Mpishi mkuu aliuliza naenda wapi, nikasema hospitali, nikasubiri anifukuze. Akasema, "Si ungesema mapema?" Basi hivyo tu.

Nakuandikia nikiwa kitandani, wodi ya wanawake. Wamenipiga picha ya tumbo. Kuna jiwe kwenye figo la kushoto, limeziba njia, na usaha umeanza kujikusanya. Damu ilitoka hapo. Daktari anasema ni joto la oveni na kutokunywa maji, na yawezekana ni la kurithi. Aliniuliza kama kuna mtu wa familia aliyeumwa hivi, nikamweleza yote ya Baba, hata lile uliloniandikia. Nisamehe, nilidhani anapaswa kujua. Aliandika tu, hakusema neno baya juu yako.

Rangi haikuisha siku hata moja. Ulipoandika kuhusu bitiruti, nilijua si kweli, na bado nikaishika. Niliona kwenye barua umecheka. Sikutaka kukuondolea kicheko hicho. Halafu siku zikapita, nikaona aibu, nikazima simu.

Watanipasua Jumanne asubuhi. Daktari anasema figo linaweza kuokolewa. Ameniambia "linaweza," nilimwomba arudie, akarudia vile vile.

Mama, naogopa sana. Mchana nazungumza na wagonjwa wenzangu, nacheka, lakini naogopa. Sitaki kulala ndani ya dawa yao nisijue nitaamka au la na wewe uko Kakuma. Nilitaka kuandika usihangaike. Nimefuta. Njoo.

Benita

* * *

Lodwar, nje ya wodi ya wanawake, 11 Machi 2025

Mwanangu,

Kibali kimetoka jana saa kumi, cha siku saba. Leo tumeondoka alfajiri, Roble ameendesha bila kusimama hata kujinyoosha, na bado nimechelewa. Muuguzi anasema umeingizwa saa tatu. Sasa ni saa tano na dakika kumi. Nimeketi kwenye benchi la saruji na kitabu chako cha shule, kile cha zamani, nimechana karatasi katikati. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Nitampa muuguzi akusomee ukiamka. Nataka ujue nilikuwa hapa, ukutani, upande wa dirisha la bluu.

Saa tano na nusu. Mama mmoja hapa pembeni ananiuliza nina nani ndani. Nikamwambia binti. Akasema Mungu yupo. Nikaitikia, lakini macho yangu yako mlangoni.

Wametoka watu wawili wenye nguo za kijani, wamepita wakizungumza habari za chakula cha mchana. Nikajaribu kusoma nyuso zao, zimefungwa barakoa. Kama lingekuwa jambo baya wangezungumza chakula? Sijui. Benita, sijui, na leo sijisemei chochote. Niko na hofu yangu tu, tumeketi nayo hapa.

Saa sita kasorobo. Mlango umefunguliwa. Muuguzi ameita, "Mama Benita ni nani?" Nilijibu nimekaa, kwa sauti ambayo siijui. Amenijia mwenyewe, akainama.

Umeamka. Figo wameliacha mahali pake. Unalia na unaniita, anasema, na wamechoka kukwambia niko nje kwa sababu hukubali.

Basi barua hii haina kazi tena. Naitia sahihi mbio mbio, nakuja nayo mwenyewe.

Mama yako,
mlangoni