Kwa Mama Jerusa Chepkurui, Mganga Aliyetuingiza Mchezoni

Mwaka mzima umetimia, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Agosti 1997, na tuna habari nyingi hata hatujui tuanzie wapi!

Wagonjwa bado wanakuja Merigi kukuulizia. Walikuita chepkerichot, mganga wa mitishamba, na hukuwahi kumpa mtu dawa kabla ya kuionja wewe mwenyewe, ukikunja uso mpaka mgonjwa acheke. "Akicheka, nusu ya dawa ameshameza," ulituambia.

Ukishachuma majani chai, ulikaa kuandika michezo ya kuigiza kwa lugha yetu ya Kipsigis, kwenye daftari za shule. Ulisema wazee wetu hawakuhitaji jukwaa wala pazia: mmoja alisimama katikati, wengine wakamzunguka, akiita wanaitika. "Mchezo wa kutazama tu ni wa wageni. Wetu, mtu huingia."

Unakumbuka 1994, sokoni, tukicheza ule wa fisi anayejifanya mwenye kisima? Chifu akafika na askari wawili.

"Nani amewapa laiseni ya mkutano?"

"Chifu, huu si mkutano. Ninatibu watu."

"Wote hawa? Wanaumwa nini?"

"Woga," ukamjibu.

Akaamuru ushikwe. Sisi tukaanza kulia, lakini wewe ukatugeukia: "Mnalilia nini? Wimbo haujaisha!" Basi soko zima likakufuata hadi ofisini kwake likiimba, na mchezo ukaendelea pale uani, kwenye nyasi zake. Fisi alikuwa Mama Priscillah, mama mzazi wa chifu, uliyemtibu mguu hadi akatupa mkongojo. Akamwendea mwanawe, mkia wa katani bado umefungwa kiunoni.

"Ukimfunga Jerusa, nifunge na mimi. Fisi ni mimi."

Chifu alijikaza, lakini kicheko kikamshinda. Ulifika nyumbani kabla ng'ombe hawajakamuliwa.

Sasa sikia! Uliacha mchezo mmoja bila mwisho, ule wa ndugu wawili wanaogombania shamba la marehemu baba yao. Tulihangaika nao miezi mingi. Mwanao Noah alitaka kuumalizia, dada yake Chepkirui akakataa: "Hayo hayatakuwa maneno ya Mama." Jumamosi iliyopita tukaucheza hivyo hivyo, kwa Kiswahili, huko Londiani, mbele ya watu ambao wengine hawakuwa wameketi pamoja tangu mapigano ya kikabila ya 1992. Tulipofika pale mwandiko wako unapokoma, mjukuu wako Winny aliwageukia watu akauliza, "Sasa?"

Halafu mama mmoja muuza viazi, hata jina lake hatulijui, akaingia katikati akamshika mkono ndugu mkubwa. Mzee Wambugu wa duka la mbegu akainuka, akamshika mdogo. "Tumechoka kugombana," akasema, na haikuwa kuigiza. Baada ya hapo kila mtu alikuwa na neno lake, Mama, kila mtu! Jua lilizama na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Wakauliza nani ameandika. Noah akamsogeza dada yake mbele, na Chepkirui akalitaja jina lako.

Unakumbukwa na mume wako Mzee Johana, watoto wako Noah na Chepkirui, wajukuu wako Winny na Kipchoge, na kikundi chote cha maigizo cha Merigi.

Tutakukumbuka siku zote, Mama yetu.