Wa Polepole Atangulie

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Njia ya volkano ya Nyiragongo inapitika tena, kutoka Kibati hadi kituo cha kwanza. Aliyesema ni Muzee Paluku, yule mpagazi uliyezoea kupanda naye. Alifika hapo jana kwa miguu yake. Juu zaidi hajui, nami siandiki nisilothibitisha.

"Ambia dada yako majani yamefika kifuani," alisema, "lakini mawe yangali yanamujua."

Unakumbuka uliponipandisha mara ya kwanza? Nilikuwa ripota mpya, nimevaa viatu vya ofisini, nikawapita wageni wote uliokuwa ukiwaongoza. Ukaniita nyuma mbele yao. "We mutoto, unakimbilia wapi? Moto uko pale tangu zamani." Kisha ukamweka mbele mama mmoja aliyekuwa akihema sana, nasi tukafuata mwendo wake. Ndiyo ilikuwa sheria yako: wa polepole atangulie, asiwepo wa kuachwa. Tulifika ukingoni wote, na yule mama ndiye aliyeuona moto wa kreta kwanza.

Vita vilipoingia mtaani kwetu Ndosho, uliitumia sheria hiyohiyo. Watu walisukumana kuelekea mpakani, nawe ukamtanguliza Mama. Tulipofika mtaa wa Mapendo nilikuambia tukimbie. "Ukimbie na nani? Angalia visigino vya Mama." Niliviangalia hadi ng'ambo. Majirani waliotupita mbio tuliwakuta huko wakiitana majina, wakitafuta watoto wao.

Tangu siku ile naandika hivyo pia. Habari yangu huanza na aliyefika mwisho. Waliofika kwanza wana wasemaji wengi.

Mama nami tulirudi nyumbani. Wewe ulibaki kambini, huko ng'ambo, na mguu uliovunjika ulipoteleza ukienda kuteka maji. Juzi ukatutumia ujumbe wa sauti: "Mutu wa kuchechemea atapandisha nani mulima? Mie sirudi." Mama aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu ni nani anasema hivi? Si ndiye aliniweka mbele?"

Jumamosi alfajiri tunaondoka Kibati, Muzee, Mama na mimi, hadi kituo cha kwanza tu. Mama ameshaazima fimbo kwa jirani. Goti la Muzee limevimba, kwa hiyo yeye ndiye atakayetangulia. Amesema siku utakayorudi atakuachia nafasi hiyo, naye atakaa wa pili.

Mdogo wako, anayefuata visigino